Msomaji kama Shahidi wa Historia: Maoni ya Wasomaji kuhusu Riwaya za Mahaba za Kihistoria za Uskoti, 1814–2014

Ikisiri

Makala hii inachunguza maoni ya wasomaji kuhusu riwaya za mahaba za kihistoria zinazoihusu Uskoti, tangu kuchapishwa kwa Waverley mwaka 1814 hadi kuanza kuonyeshwa kwa tamthilia ya televisheni ya Outlander mwaka 2014. Inadai kwamba maoni ya wasomaji yalikuwa nguvu iliyosahihisha, kupanua na mara nyingine kupotosha picha ambayo taifa lilijichorea kuhusu wakati wake uliopita. Hata hivyo, nguvu hiyo haikugawanywa sawa. Ilitegemea lugha ya kitabu, bei yake, na kuwapo kwa jukwaa ambalo msomaji angeweza kulitumia kumjibu mwandishi. Waliosimuliwa zaidi katika riwaya hizo, yaani wakazi wa Nyanda za Juu waliozungumza Kigaeli, ndio waliosikika kidogo zaidi. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera wa Afrika Mashariki, ambako Kiswahili kinazidi kupewa hadhi rasmi huku maoni ya wasomaji wa riwaya za kihistoria yakiwa bado hayajatunzwa kama hazina.

Maneno makuu: riwaya ya kihistoria, mahaba, upokezi, Uskoti, Kigaeli, sera ya usomaji

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa riwaya ya kihistoria kwa muda mrefu umejikita katika mwandishi na matini. Maswali yanayoulizwa ni yale yale: mwandishi alitumia vyanzo gani, alibuni kiasi gani, na itikadi yake ilikuwa ipi. Msomaji huchukuliwa kama mtu wa kupokea tu, kama chungu kinachongoja maji. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 uliozaa nadharia ya upokezi, alipinga mtazamo huo. Kwake yeye, kila kizazi cha wasomaji hukiendea kitabu kikiwa na upeo wake wa matarajio, na historia ya fasihi haikamiliki bila historia ya matarajio hayo. Makala hii inatumia msingi huo, lakini inauliza pia swali ambalo nadharia hiyo haikulipa uzito wa kutosha: ni nani aliyepewa nafasi ya kuwa msomaji?

Uskoti ni mfano unaofaa kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi iliyoungana na Uingereza mwaka 1707, ikapoteza bunge lake lakini ikabaki na kanisa, sheria na mfumo wake wa elimu. Katika hali hiyo riwaya ikawa mojawapo ya mahali pachache ambapo taifa lingeweza kujadili historia yake hadharani. Pili, maoni ya wasomaji wa riwaya hizo yamehifadhiwa kwa wingi katika barua, tahakiki za majarida, dibaji za matoleo ya baadaye na tafiti za kijamii.

Istilahi “riwaya ya mahaba ya kihistoria” inatumiwa hapa kwa maana pana. Katika karne ya 19 ilihusu masimulizi ya safari, vita, heshima na mapenzi yaliyowekwa katika wakati uliopita. Katika karne ya 20 maana hiyo ilibanwa, na mapenzi ya watu wawili yakawa ndiyo uti wa mgongo wa hadithi. Mabadiliko hayo ya maana yenyewe yalifanywa kwa kiasi kikubwa na wasomaji.

2.0 Wasomaji wa kwanza na bei ya kitabu

Waverley ilichapishwa mjini Edinburgh tarehe 7 Julai 1814 bila jina la mwandishi. Inamsimulia kijana wa Kiingereza, Edward Waverley, anayejikuta upande wa Wajakobi katika uasi wa mwaka 1745, uasi uliolenga kuurudisha ufalme kwa ukoo wa Stuart. Nakala 1,000 za toleo la kwanza ziliisha katika muda wa wiki chache. Walter Scott, aliyekuwa tayari mshairi mashuhuri, hakukiri hadharani kuwa ndiye mwandishi hadi mwaka 1827.

Kutojulikana huko kulimpa msomaji kazi ambayo kwa kawaida hakuwa nayo, yaani kukisia. Wasomaji waliulinganisha mtindo, wakapima ujuzi wa sheria na wa mila, wakabishana. Jane Austen, katika barua kwa mpwa wake mwezi Septemba 1814, alimtaja Scott moja kwa moja. Alilalamika kwa utani kwamba mtu mwenye sifa na faida ya kutosha katika ushairi hakupaswa kuwanyang’anya wengine mkate wao, kisha akakiri kwamba alihofia angelazimika kukipenda kitabu hicho. Katika barua hiyo fupi mna hukumu ya kifasihi, hesabu ya soko, na malalamiko ya mwandishi mwanamke aliyeuona uwanja uliolimwa na wanawake ukiingiwa na mwanamume mwenye jina kubwa. Austen hakuwa amekosea kuhusu uwanja huo: Jane Porter alikuwa amekwisha kuchapisha The Scottish Chiefs, masimulizi ya mahaba na vita kuhusu William Wallace, mwaka 1810.

Mwaka huo huo wa 1810, utenzi wa Scott uitwao The Lady of the Lake ulikuwa umeonyesha jinsi maoni ya wasomaji yanavyoweza kugeuka kuwa miguu na magurudumu. Wasomaji walimiminika kwenda kuliona ziwa Loch Katrine lililotajwa ndani yake, hata mapato ya kodi ya farasi wa kukodi nchini Uskoti yakaongezeka. Utalii wa kifasihi ulizaliwa kabla ya neno lake.

Hata hivyo, wasomaji hao walikuwa ni akina nani? Waverley iliuzwa kwa shilingi 21, na kufikia Kenilworth ya mwaka 1821 bei ilikuwa shilingi 31 na nusu. Fedha hiyo ilizidi ujira wa wiki nzima wa kibarua. Waliokuwa na uwezo walinunua, na wa tabaka la kati waliazima katika maktaba za kulipia. Ni pale Scott alipofilisika mwaka 1826, na mchapishaji Robert Cadell akaanza kutoa toleo jipya la riwaya zote kuanzia 1829 kwa shilingi 5 kwa juzuu, ndipo duara la wasomaji lilipopanuka kwa kasi. Kwa hiyo mjadala wa miaka 15 ya kwanza ulikuwa mjadala wa wenye nacho. Jambo hilo ni la kukumbukwa kila maoni ya wasomaji wa kwanza yanapotumiwa kama sauti ya taifa.

3.0 Mgogoro wa ukweli: wasomaji wanamjibu mwandishi

3.1 Old Mortality na kumbukumbu ya mashahidi

Mgogoro mkubwa wa kwanza ulizuka baada ya Old Mortality kutoka mwezi Desemba 1816. Riwaya hiyo inahusu uasi wa mwaka 1679, ambapo Wanaagano, yaani Wapresbiteri walioshikilia Agano la Taifa la mwaka 1638, walipigana na majeshi ya mfalme Charles II. Ndani yake mapenzi ya Henry Morton na Edith Bellenden yanapita katikati ya vita vya kidini, na mwandishi anaonyesha ukatili na ushupavu wa pande zote mbili.

Kwa familia nyingi za kusini-magharibi mwa Uskoti, Wanaagano walikuwa mashahidi wa imani, na makaburi yao yalitunzwa na kutembelewa. Kuwaona wakisawiriwa kama watu waliopandwa na wazimu wa dini, huku kamanda aliyewasaka, John Graham wa Claverhouse, akipewa haiba ya kiungwana, kuliwachoma. Msemaji wao alikuwa Thomas McCrie, mchungaji na mwanahistoria aliyejulikana kwa kitabu chake kuhusu maisha ya John Knox. Mwaka 1817 alichapisha tahakiki ndefu katika sehemu tatu ndani ya jarida la Edinburgh Christian Instructor. Hakudai kwamba riwaya isibuni. Alidai kwamba mtu anayeandika juu ya watu waliokuwapo kweli, na ambao wazao wao wako hai, amebeba wajibu uleule wa haki alionao mwanahistoria.

Scott aliona uzito wa shambulio hilo. Alijibu kwa njia isiyo ya kawaida: kwa msaada wa rafiki yake William Erskine aliandika tahakiki ya kazi zake mwenyewe, bila kutaja jina, katika jarida la Quarterly Review, na humo akaitetea picha aliyoichora. Mwandishi alilazimika kuvaa joho la msomaji ili aweze kuwajibu wasomaji.

Majibu mengine yalikuja kwa njia ya riwaya. James Hogg, mchungaji wa kondoo kutoka Ettrick aliyelelewa katika masimulizi ya mdomo ya eneo hilo, alichapisha The Brownie of Bodsbeck mwaka 1818, ambamo mateso ya Wanaagano yanaonekana kwa macho ya wakulima waliowaficha. John Galt aliandika Ringan Gilhaize mwaka 1823, akimpa mmoja wa wazao wa Wanaagano nafasi ya kusimulia mwenyewe. Hivyo katika muda wa miaka saba, maoni ya wasomaji yalikuwa yamezaa tahakiki ya kihistoria, utetezi wa mwandishi na riwaya mbili zilizotazama mambo kutoka upande mwingine.

3.2 Helen Walker: msomaji kama chanzo

Uhusiano wa msomaji na mwandishi haukuwa wa ugomvi tu. Kiini cha The Heart of Mid-Lothian, riwaya ya mwaka 1818, kilitoka katika simulizi aliyotumiwa Scott kwa barua isiyo na jina. Baadaye ilifahamika kwamba aliyeituma ni Helen Goldie, mwanamke aliyekuwa amekutana na mzee maskini aitwaye Helen Walker karibu na Dumfries. Helen Walker, katika ujana wake, alikataa kusema uongo mahakamani ingawa neno moja la uongo lingemwokoa dada yake aliyeshtakiwa kwa kifo cha mtoto mchanga. Dada huyo alipohukumiwa kunyongwa, Helen alitembea kwa miguu hadi London, akaomba msamaha, akaupata.

Scott alimtambua Bi Goldie katika dibaji zake za baadaye, na mwaka 1831 aliweka jiwe juu ya kaburi la Helen Walker katika uwanja wa kanisa la Irongray. Mwanamke aliyekufa mwaka 1791 bila mali wala kumbukumbu alipata jina katika historia kwa sababu msomaji mmoja aliona kwamba habari yake ilistahili kusimuliwa. Dibaji na maelezo ya toleo la 1829 hadi 1833 yamejaa mifano ya aina hii. Kwa kweli toleo hilo linaweza kusomwa kama daftari la mazungumzo kati ya mwandishi na wasomaji wake, ambamo anaeleza kipi alikipata wapi, kipi alikibuni, na nani alimwandikia kumkosoa.

3.3 Wasomaji wa ng’ambo: Thierry, Ranke na Twain

Nje ya Uskoti, maoni mawili ya wasomaji yalikuwa na athari katika taaluma yenyewe ya historia. Augustin Thierry wa Ufaransa aliisoma Ivanhoe akavutiwa na namna ilivyoonyesha uhasama wa washindi na walioshindwa. Kitabu chake kuhusu uvamizi wa Wanormani nchini Uingereza, kilichotoka mwaka 1825, kina alama ya usomaji huo. Leopold von Ranke wa Ujerumani alifikia hukumu iliyo kinyume. Alipoisoma Quentin Durward, riwaya kuhusu askari Mskoti katika jeshi la mfalme Louis XI, na kuilinganisha na kumbukumbu za Philippe de Commynes aliyeishi wakati huo, alikuta tofauti zilizomuudhi. Alieleza uzeeni kwamba chuki hiyo ilimsukuma kuazimia kuepuka ubunifu wote na kushikamana na vyanzo. Riwaya za mwandishi mmoja zilimpa msomaji mmoja hamu ya kuisimulia historia kama riwaya, zikampa mwingine hamu ya kuitenga na riwaya.

Mark Twain alikwenda mbali zaidi. Katika Life on the Mississippi, kitabu cha mwaka 1883, alidai kwamba mapenzi ya wasomaji wa majimbo ya kusini ya Marekani kwa ulimwengu wa Scott, wenye mashujaa, vyeo na heshima ya kughushi, yalichangia kwa kiasi kikubwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Madai hayo yametiwa chumvi, na huenda Twain alijua hivyo. Hata hivyo, yana swali la kweli ndani yake: jamii inayomiliki watumwa inapojitazama katika kioo cha riwaya ya mahaba, huona nini, na hukataa kuona nini?

4.0 Wasomaji wasiosikika: Wagaeli na Nyanda za Juu

Swali hilo linarudi Uskoti kwenyewe. Mwezi Juni 1814, wiki chache kabla ya Waverley kutoka, Patrick Sellar, aliyekuwa wakala katika milki ya Sutherland, alisimamia kufukuzwa kwa wapangaji katika bonde la Strathnaver ili ardhi ipewe wafuga kondoo. Nyumba zilichomwa. Sellar alishtakiwa Inverness mwaka 1816, akaachiliwa huru. Hivyo katika majira yaleyale ya kiangazi, wasomaji wa Edinburgh na London walikuwa wakililia kuanguka kwa koo za Nyanda za Juu za mwaka 1745, na wazao wa koo kama hizo walikuwa wakitolewa katika ardhi yao.

Wengi wa waliotolewa walizungumza Kigaeli. Biblia kamili ya Kigaeli cha Uskoti ilikuwa imekamilika mwaka 1801 tu, na shule nyingi zilizowafikia zilikuwa zimeanzishwa kwa lengo la kueneza Kiingereza. Riwaya zilizowasimulia ziliandikwa kwa lugha ambayo wengi wao hawakuisoma, kwa bei ambayo hawakuimudu, na kujadiliwa katika majarida yasiyowafikia. McCrie aliweza kuwatetea Wanaagano kwa kuwa alikuwa na elimu, jarida na lugha. Mpangaji wa Strathnaver hakuwa na kimojawapo.

Wakati huohuo picha yake iliendelea kutumiwa. Mwezi Agosti 1822 mfalme George IV alizuru Edinburgh, na Scott ndiye aliyepanga maonyesho. Mfalme alivaa kilti, na watu wa Nyanda za Chini walihimizwa kuvaa mavazi ya Nyanda za Juu, mavazi ambayo sheria ya mwaka 1746 ilikuwa imewakataza wanaume wa huko hadi ilipofutwa mwaka 1782. Hata John Gibson Lockhart, mkwe wa Scott na mwandishi wa wasifu wake, aliona kwamba Uskoti nzima ilikuwa imevishwa sura ya sehemu yake moja.

Sauti ya Wagaeli ilipopenya, ilipenya kwa njia ya upinzani. Donald McLeod, mwashi kutoka Strathnaver, aliandika barua katika gazeti la Edinburgh mwanzoni mwa miaka ya 1840 akieleza aliyoyashuhudia. Harriet Beecher Stowe, mwandishi wa Uncle Tom’s Cabin na msomaji mpenzi wa Scott, alipoizuru Uskoti kisha akaitetea familia ya Sutherland katika kitabu cha safari cha mwaka 1854, McLeod, aliyekuwa amehamia Kanada, alimjibu kwa kitabu chake Gloomy Memories cha mwaka 1857. Mwandishi aliyeufungua ulimwengu macho kuhusu utumwa alikuwa ameshindwa kuona kufukuzwa kwa watu, na aliyemwonyesha kosa hilo alikuwa msomaji aliyefukuzwa.

Mwaka 1886 historia na riwaya zilikutana tena. Robert Louis Stevenson alichapisha Kidnapped, inayozunguka mauaji ya wakala wa ardhi huko Appin mwaka 1752, na Bunge likapitisha sheria iliyowapa wakulima wadogo wa Nyanda za Juu usalama wa umiliki wa mashamba yao. Sheria hiyo haikuletwa na riwaya. Ililetwa na migomo ya kodi, na ushahidi ambao wakulima wenyewe waliutoa mbele ya Tume ya Napier iliyoundwa mwaka 1883, mara nyingi kwa Kigaeli kupitia wakalimani. Tofauti ni kubwa. Mahali ambapo watu walipewa jukwaa na lugha yao, neno lao liliingia katika sheria. Mahali ambapo walikuwa wahusika tu, waliishia kuwa mapambo ya hadithi.

5.0 Wanawake, mahaba na Culloden

Katika karne ya 20 kitovu cha usomaji kilihama. D. K. Broster, Mwingereza aliyesoma historia Oxford, alichapisha The Flight of the Heron mwaka 1925, hadithi ya urafiki wa Mjakobi na afisa wa jeshi la Uingereza. Baadaye, masoko ya Marekani na Uingereza yalizalisha riwaya nyingi za mahaba zenye bei nafuu, na wengi wa wasomaji wake walikuwa wanawake. Wahakiki walizidharau bila kuwauliza wasomaji.

Janice Radway aliwauliza. Katika Reading the Romance, utafiti uliochapishwa mwaka 1984, alifanya kazi na wanawake 42 katika mji mmoja wa Marekani aliouficha jina. Miongoni mwa majibu waliyompa ni kwamba riwaya za kihistoria ziliwafunza kuhusu mahali na nyakati ambazo maisha yao yasingewafikisha. Walithamini usahihi wa mambo madogo, kama vile chakula, mavazi na desturi, na walitarajia mwandishi awe amefanya utafiti. Jibu hilo linabomoa dhana kwamba msomaji wa mahaba hajali ukweli. Anajali, ila anauweka ukweli mahali tofauti na mwanahistoria. Husamehe kukutana kwa wapenzi kusikowezekana, lakini hukasirishwa na sahani isiyo ya karne yake.

Outlander ya Diana Gabaldon, iliyotoka mwaka 1991, inaonyesha matarajio hayo kwa uwazi. Mwandishi huyo Mmarekani alianza kuiandika kabla hajafika Uskoti. Inamsimulia Claire, muuguzi Mwingereza wa mwaka 1945, anayejikuta mwaka 1743 na kuolewa na Jamie Fraser. Wasomaji wamegawanyika katika mambo mawili hasa. La kwanza ni tukio ambalo Jamie anamchapa mkewe. Wengine hulitetea kuwa ni kweli ya karne ya 18. Wengine huuliza kwa nini hadithi inayoruhusu kusafiri katika wakati ishindwe kuepuka fimbo. La pili ni kesi ya uchawi. Sheria za uchawi zilifutwa mwaka 1736, na mtu wa mwisho kuuawa kwa kosa hilo nchini Uskoti aliuawa mwaka 1727. Kwa hiyo kesi ya mwaka 1743 ina kasoro ya wakati, na wasomaji wanaoijua historia hawakosi kuitaja.

Tamthilia ya televisheni ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi Agosti 2014, wiki chache kabla ya kura ya maoni ya tarehe 18 Septemba kuhusu uhuru wa Uskoti. Ilipochelewa kufika katika televisheni za Uingereza hadi 2015, baadhi ya watazamaji walishuku mkono wa siasa. Ngome ya Doune, iliyotumika kama mandhari, ilipata wageni wengi kuliko awali, na shirika la utalii la Uskoti likatoa ramani ya maeneo ya tamthilia.

Athari nzito zaidi inaonekana Culloden, ambako tarehe 16 Aprili 1746 Wajakobi zaidi ya 1,000 waliuawa katika vita visivyofikia saa moja. Hapo pana mawe yenye majina ya koo. Wageni wengi wameliendea jiwe la ukoo wa Fraser, wakaacha maua kwa ajili ya mhusika ambaye hakuwahi kuishi, hata ardhi inayolizunguka ikachakaa na wasimamizi wakalazimika kuilinda. Na mawe yenyewe si ya mwaka 1746. Yaliwekwa mwaka 1881, wakati ambapo kumbukumbu ya koo ilikuwa imekwisha kupita katika mikono ya Scott na wasomaji wake. Msomaji wa leo anamlilia shujaa wa kubuni mbele ya jiwe la karne ya 19, juu ya makaburi ya watu halisi wa karne ya 18. Wapo wanaoona hiyo ni dharau kwa wafu. Wapo pia wanaosema kwamba bila riwaya wageni hao wasingefika kabisa, na wasingelisoma bango linaloeleza kilichotokea. Pande zote mbili zina haki kiasi, na kazi ya mtunza urithi ni kuhakikisha bango hilo lipo, liko wazi, na linasema kweli.

6.0 Mafunzo kwa Afrika Mashariki

Uhusiano wa mkondo huu na Afrika Mashariki una mashina mawili. Shina la kwanza ni tafsiri. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Frederick Johnson alitafsiri kwa Kiswahili Kisiwa chenye Hazina cha Stevenson na Mashimo ya Mfalme Sulemani ya Rider Haggard. Vizazi vya wanafunzi vilikutana na riwaya ya mkondo huo kupitia vitabu hivyo, na cha pili kilimsimulia Mwafrika kama mandhari ya safari ya wengine, jinsi ambavyo Mgaeli alivyosimuliwa. Shina la pili ni la kitaaluma. Kitabu cha The Invention of Tradition cha mwaka 1983 kina sura ya Hugh Trevor-Roper kuhusu kubuniwa kwa mila za Nyanda za Juu, na sura ya Terence Ranger, aliyewahi kufundisha historia Dar es Salaam katika miaka ya 1960, kuhusu mila zilizobuniwa katika Afrika ya kikoloni. Uskoti na Afrika ziliwekwa katika jalada moja kwa sababu swali lilikuwa moja: nani huandika yaliyopita, na nani huyaamini?

Fasihi ya Kiswahili ina riwaya zinazolidai swali hilo. Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, ya mwaka 1934, imekosolewa na wahakiki wa baada ya uhuru kwa jinsi inavyowatukuza Waingereza. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza ilikamilika kwa Kikerewe mwaka 1945, ikakosa mchapishaji, na ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980 tu, mwaka mmoja kabla ya mwandishi kufariki. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, ya mwaka 1978, inasimulia Zanzibar ya mabwana na watwana kuelekea Mapinduzi. Kila moja kati ya kazi hizi ina wasomaji wanaotokana na watu waliosimuliwa humo. Hata hivyo, maoni yanayotawala ni ya wahakiki wa vyuo na majibu ya mitihani, kwa kuwa riwaya nyingi za Kiswahili husomwa kama vitabu teule vya shule. Ilhali mazoea ya msomaji kumjibu mwandishi si mageni: gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapisha barua na mashairi ya wasomaji wake.

Suala hili lina uzito wa kisera. Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022. Kiswahili kinapoingia katika shule na ofisi za nchi jirani, riwaya za kihistoria zitawafikia wasomaji ambao historia yao si ileile ya pwani. Mfano wa Uskoti unapendekeza hatua nne.

Kwanza, maktaba za umma na za vyuo zikusanye na kuhifadhi maoni ya wasomaji kuhusu riwaya za kihistoria, zikizingatia umri, lugha ya nyumbani na mahali. Pili, wachapishaji watoe matoleo yenye dibaji na maelezo yanayotenganisha kilichotokea na kilichobuniwa, na yanayopokea masahihisho ya wasomaji, kama toleo la Scott la 1829 lilivyofanya. Tatu, riwaya zinazosimulia jamii zenye lugha zao zitafsiriwe au zijadiliwe kwa lugha hizo, hasa kupitia redio, ili waliosimuliwa wawe wasomaji na wasikilizaji wenye haki ya kujibu. Nne, maeneo ya urithi yanayotajwa katika riwaya yawekewe maelezo ya kihistoria kabla umaarufu haujayafikia, kwa kuwa mgeni huja akiwa na hadithi tayari kichwani.

7.0 Hitimisho

Historia ya maoni ya wasomaji wa riwaya za mahaba za Uskoti inaonyesha kwamba msomaji si shahidi mnyamavu. McCrie alimlazimisha mwandishi kujitetea. Helen Goldie alimpa mwandishi habari iliyomtoa mwanamke maskini katika usahaulifu. Ranke aliondoka na chuki iliyosaidia kujenga taaluma. McLeod alimwonyesha mwandishi mashuhuri kile ambacho mahaba yalikuwa yameficha. Wanawake wa Radway walithibitisha kwamba anayesoma kwa ajili ya burudani anasoma pia kwa ajili ya elimu. Kinachowatenganisha watu hawa na wapangaji wa Strathnaver wa mwaka 1814 si akili wala uchungu, bali ni lugha, bei na jukwaa. Vitu hivyo vitatu haviletwi na fasihi peke yake. Huletwa na maamuzi ya serikali, wachapishaji na shule. Kanda inayokichagua Kiswahili kuwa lugha yake ya pamoja inao wajibu wa kuhakikisha kwamba wale watakaosimuliwa kwa lugha hiyo watakuwa pia na uwezo wa kuisoma, kuikosoa na kujibu kwayo.